Mshauri Aliyetaka Kiti

Barua kutoka Mombasa ilikuwa fupi, na Mwandawiro aliisoma mara tatu akitumaini kwamba labda maneno yatabadilika. Mnunuzi wa kabichi aliandika kwamba shehena tatu mfululizo zilimfikia zikinuka, kwamba wapishi wa meli walizirudisha mlangoni kwake mbele ya majirani, na kwamba angepokea shehena moja tu nyingine kutoka Werugha, huku milima ya Taita. Ikifika mbovu kama zile, wasijisumbue kupakia tena.

Huo ulikuwa mwaka wa 1956, na Mwandawiro alikuwa karani wa Chama cha Wakulima wa Mboga, cheo kilichompa daftari, kalamu ya wino na lawama zote. Maana yeye ndiye aliyesimama siku moja baada ya ibada akawashawishi watu wang'oe maharagwe wapande kabichi. Aliwaambia kwamba Mombasa kumejaa watu wanaopenda kula na wasiojua kulima, ilhali huku mlimani mvua na baridi vinapatikana bure. Aliwaahidi kwamba wanaume hawatashuka tena tambarare kukata mkonge. Yeye mwenyewe aliukata miaka sita, na viganja vyake vilibaki na makovu ambayo mkewe Priscilla alisema yanararua shuka. Watu walimwamini kwa ajili ya viganja hivyo kuliko kwa maneno yake. Sasa shemeji yake Ambrose alikuwa amekwisha kurudi kwenye mkonge, na wengine walikuwa wanafunga virago taratibu. Chama kikifa wangeteremka wote mmoja mmoja, na yeye asingekuwa na uso wa kuwazuia.

Kilichowachanganya watu ni kwamba hawakuona wamekosea wapi. Kabichi za chama zilikuwa safi kuliko watoto wa chama. Kila jioni ya kuamkia siku ya lori la kushuka stesheni ya Voi, kina mama walikusanyika kijitoni, wakabandua majani yote ya nje yenye udongo, wakaosha kila kabichi katika maji yale baridi mpaka ikawa nyeupe, kisha wakazipanga katika matenga zikiwa bado zinachuruzika. Hivyo ndivyo walivyolelewa. Kwao mtu hapeleki kitu nyumbani kwa watu kikiwa na uchafu, hata kama ni kiazi kimoja. Kulikuwa na bibi mmoja aliyewahi kuwapelekea wakwe zake mihogo yenye udongo, na ingawa alishazikwa, habari hiyo ilikuwa ingali hai.

Msimamizi wa kuosha alikuwa Priscilla, na macho yake hayakukosa kitu. Kabichi yenye chembe ya udongo aliitupa kando bila kuuliza ni ya nani, ingawa kila mtu alijua ni ya Dinah. Dinah alikuwa mjane mwenye goti bovu, shamba lake liko juu kabisa, mbali na kijito, na hakuwa na nguvu za kushuka kuosha. Kila wiki kabichi zake zilikataliwa, na kila wiki alizifunga tena katika gunia, akazituma kwingine anakokujua mwenyewe. Wenzake walimwita mvivu, na wale wenye adabu waliliita jambo hilo kwa jina jingine lenye maana ileile.

Kamati ikakutana, na mwenyekiti, Mzee Fanuel, akatoa shauri kwamba chama kiajiri mshauri. Mzee Fanuel alikuwa ametumika miaka ishirini kama tarishi wa ofisi za reli, akibeba karatasi kutoka meza hii hadi meza ile, na alistaafu akiwa na imani kwamba hakuna jambo duniani lililowahi kufanyika bila karatasi. Akamwamuru Mwandawiro aandike tangazo. Mshauri huyo awe na cheti, barua tatu za kumsifu, na viatu. Mwandawiro aliuliza viatu vinahusu nini. Mzee akamjibu kwamba mtu asiye na viatu hawezi kuwashauri watu wengine ambao pia hawana viatu.

Basi Mwandawiro akashuka Voi na tangazo lake, akalibandika kwenye ubao wa matangazo wa stesheni. Alipogeuka, alimkuta mwanamke wa makamo amekaa juu ya sanduku lililopinduliwa, mbele yake mafungu ya karoti, vitunguu na kabichi. Alikuwa Mkamba, jina lake Kalondu, na abiria wa treni walimjua kuanzia Nairobi hadi Mombasa kwa sababu alikuwa hapunguzi bei na hauzi kibovu. Alimwomba karani amsomee ile karatasi, kwani yeye kusoma hakusoma. Mwandawiro akamsomea mpaka mwisho. Kalondu akainua mguu mmoja kumwonyesha kiatu cha mpira wa gari.

"Viatu ninavyo," akasema. "Na kabichi zenu nazijua. Hata kinachoziozesha nakijua."

Mwandawiro akachuchumaa palepale kama mtu anayenunua vitunguu. Akamsihi amwambie. Alimweleza habari za barua ya Mombasa, za Ambrose, za mkonge, mambo ambayo hakuwa amemwambia hata mkewe kwa ukamilifu. Kalondu alimsikiliza mpaka akamaliza, halafu akakataa.

"Nikikwambia hapa, karani, utapanda mlima useme kuna mwanamke mmoja anauza karoti stesheni, amesema hivi na hivi. Watacheka, halafu watafanya vilevile. Niandikieni barua kama mnavyowaandikia hao wengine. Mniite, mnipe kiti nikae mbele yenu, mniajiri. Hapo nitasema, na nyinyi mtasikia kwa sababu mtakuwa mmetoa kitu chenu."

Mwandawiro aliondoka amekasirika, na hasira ilimsindikiza hadi Mwatate, chini ya mlima. Lakini lori lilipoanza kupanda kona za mlima akaanza kuwaona wanakamati mmoja mmoja kichwani mwake: Mzee Fanuel akiuliza cheti, Priscilla akibetua mdomo, wengine wakiuliza mama huyo ana shamba ekari ngapi. Akaona yule mwanamke hakutia chumvi hata kidogo. Alipofika nyumbani alichukua karatasi nzuri ya chama, yenye mstari wa bluu, akamwandikia Bi. Kalondu wa Stesheni ya Voi kwamba anaalikwa mbele ya kamati, na kwamba kiti kitakuwepo.

Mwingine aliyealikwa alikuwa Bwana Alexander, aliyetoka Nairobi. Aliingia katika chumba cha darasa walichokitumia kwa mkutano akiwa na suti ya kijivu, mkoba wa ngozi na barua tisa za kumsifu. Mzee Fanuel alizipokea kwa mikono miwili, akazipanga mezani, akazipangua, akazipanga tena. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetembelewa na ndugu zake.

Na Bwana Alexander alijua kusema, hilo hatumnyimi. Alizungumzia masoko ya kisasa na mapendeleo ya wateja. Aliposikia jinsi kabichi zinavyooshwa, alisifu sana, akashauri zioshwe mara mbili, mara ya pili kwa maji ya uvuguvugu, kisha kila moja izungushiwe kitambaa kibichi ili isipate joto njiani. Wanakamati wakatikisa vichwa kwa kukubali. Priscilla alitikisa chake muda mrefu zaidi. Baada ya hapo, akasema Bwana Alexander, angekaa miezi mitatu akiandika ripoti.

Ndipo Kalondu akaingia na kikapu chake. Chumbani mlikuwa na mabenchi ya wanafunzi na viti viwili tu vyenye mgongo, kimoja cha mwenyekiti na kingine cha karani, na hicho cha karani alikuwa amekalishwa Bwana Alexander. Walimwonyesha Kalondu nafasi mwisho wa benchi. Akabaki amesimama. Akasema kwa upole kwamba barua aliyosomewa ilitaja kiti.

Mwandawiro akainuka. Alimwendea Bwana Alexander, akamwomba radhi, akamweleza kwamba kwa kuwa amekwisha kusema, sasa ni zamu ya mwenzake kukaa. Bwana Alexander akahamia benchi kwa shida, maana benchi lilikuwa la watoto wa darasa la pili na magoti yake yalimfika kidevuni. Kalondu akaketi. Mzee Fanuel akamuuliza cheti chake kiko wapi.

Kalondu akatoa kikapuni kabichi mbili, akaziweka juu ya barua tisa za Bwana Alexander. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, safi, na imelegea, na harufu yake ilifika benchi la nyuma kabla ya maelezo yake. Alisema ilidondoka kutoka matenga ya chama pale stesheni, na ilikuwa na siku nne. Ya pili ilikuwa imevaa majani mapana ya kijani na udongo mwekundu uliokauka. Hiyo, alisema, ilikuwa na siku kumi na mbili. Akabandua majani mawili, akaipasua kwa mikono, nayo ikalia kwa kukatika. Akamkabidhi Mzee Fanuel kipande. Mzee akakitafuna akiwa ametazama dari, na chumba kizima kikawa kinamsikiliza anavyotafuna.

"Hivyo ndivyo vyeti vyangu," akasema Kalondu. "Zote mbili zimetoka mlima huu huu."

Mzee Fanuel akataka kujua tofauti yake. Kalondu akakunja mikono, akasema hayo yatasemwa na mtu aliyeajiriwa.

Yakazuka mabishano ya nusu saa. Bwana Alexander alisema ni ujanja wa sokoni. Mwanakamati mmoja alisema haijawahi kuonekana chama cha watu wazima kikafundishwa kabichi na mtu wa nchi kame ambako hata sukuma wiki haioti. Priscilla alisema kabichi ile ya pili haikuwa imeoshwa, na hiyo peke yake inatosha kumjua mwenyewe ni mtu wa namna gani. Mzee Fanuel alitafuna kipande kingine, akatazama zile barua tisa kwa huzuni, akatazama tena kabichi. Mwandawiro aliona wakati unapita. Alisimama, akaweka daftari la chama mezani pamoja na kalamu yake.

"Mwajirini huyu mama," akasema. "Kama shehena ikiharibika, mimi sitangoja kufukuzwa. Siku hiyohiyo nitashuka kwenye mkonge, nikawe wa kwanza badala ya kuwa wa mwisho."

Priscilla akamtazama mumewe, kisha akatazama vile viganja juu ya daftari. Kura zikapigwa. Kalondu akapita kwa kura moja, na mpaka leo hakuna aliyekiri ilikuwa ya nani. Ujira wake ulikuwa tenga moja la kabichi kila wiki kwa mwaka mzima. Mzee Fanuel, kwa kuwa jambo lilikuwa limeamuliwa, alitaka angalau lifanyike kwa heshima, kwa hiyo aliandika mapatano ya kurasa mbili, Kalondu akatia dole gumba, na muhuri wa chama ukagongwa mara tatu.

Mshauri aliyeajiriwa hakusema neno siku tatu. Alizunguka mashambani, alikaa kwa Dinah mchana mmoja mzima wakimenya njegere, na jioni ya kuosha ilipofika alishuka kijitoni na kina mama. Walikuwa wanaimba. Priscilla alikuwa ameshika kabichi ya kwanza, maji yakimfika vifundoni. Hapo Kalondu akawaambia waache kuosha.

Wimbo ukakatika. Priscilla akauliza, kwa sauti ya taratibu ambayo Mwandawiro aliijua na kuiogopa, kama mama huyu anataka watu wa Mombasa waseme kwamba Wataita ni wachafu.

"Mama Mkamburi," akasema Kalondu, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "watu wa Mombasa si wakwe zako. Wataosha wenyewe kwao, bomba wanalo. Wewe mfikishie kabichi ikiwa nzima."

Akawaeleza pole pole, amesimama na miguu yake majini pamoja nao. Maji yakiingia kati ya majani hayatoki. Kabichi ikifungiwa katika behewa, joto la Voi likiikuta na maji hayo ndani, inaanza kuiva yenyewe kabla haijafika jikoni. Yale majani ya nje wanayoyabandua ndiyo nguo yake ya safari. Wao walikuwa wanaivua nguo, wanailowesha, halafu wanaifungia mahali pa moto. Kisha akawaambia ile kabichi ya siku kumi na mbili ilitoka wapi. Tangu lori la kwanza alikuwa akinunua za Dinah, zile zilizotupwa kando kijitoni hapo hapo, na hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kumrudishia.

Hakuna aliyemtazama Priscilla, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wangemtazama wote. Mwandawiro, aliyesimama ng'ambo ya kijito, alitamani kumwokoa na hakujua vipi. Priscilla alikaa na ile kabichi mkononi kwa muda. Uso wake ulikuwa umewaka aibu, hakuificha. Kisha akaiweka chini juu ya jiwe, akateremsha gauni lake alilolikunja, akapanda njia ndefu ya kwenda kwa Dinah, na kina mama wengine wakamfuata bila kuulizana. Walimkuta mlangoni. Priscilla alimwambia mbele ya wote kwamba alimkosea, na kwamba wamekuja awafundishe anavyokata.

Dinah aliwafundisha. Asubuhi yake, umande ulipokwisha kukauka, alikaa juu ya kigoda kwa sababu ya goti, akaelekeza kwa fimbo kama mwalimu mkuu. Wakate na majani yake. Wapumzishe kabichi kivulini. Wapange matenga kwa majani makavu ya mgomba, na hewa ipite kati. Udongo waliupangusa kwa mkono mkavu tu, na kila walipopangusa, waliugua rohoni. Mpaka dakika ya mwisho Priscilla aliomba jina la chama lisiandikwe kwenye matenga, ili angalau aibu isijulikane ni ya nani. Kalondu akaamuru liandikwe kubwa zaidi ya zamani.

Mwandawiro alisafiri na lori hadi Voi, akasimamia upakiaji, akaona behewa likivutwa jioni ile kuelekea pwani. Kesho yake hakuweza kupanda mlima kungoja habari huko. Alikaa stesheni karibu na sanduku la Kalondu tangu asubuhi, akamsaidia kufunga vitunguu mafungu, akavifunga vibaya, akafukuzwa. Kalondu aliuza kama kawaida yake. Ila karoti zile zile alizipanga mara nne, na Mwandawiro alipoziona hizo mara nne, alielewa kwamba naye anaogopa.

Saa saba mchana stesheni masta akatokea mlangoni na simu ya maandishi. Mwandawiro akaichukua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, karani wa chama akashindwa kusoma. Herufi zilikuwa zinacheza. Ilibidi aiegemeze ukutani.

ZIMEFIKA NZIMA ZOTE. LETENI MARA MBILI KILA WIKI. ALIYEPAKIA ASIBADILISHE KITU.

Akamsomea Kalondu. Kalondu alifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa na mabega yakawa yanatikisika, na Mwandawiro hakuuliza kama anacheka au analia kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anafanya vyote viwili.

Habari ilipofika mlimani, kengele ya kanisa iligongwa siku ya Alhamisi. Kina mama walipiga vigelegele kutoka ukingo mmoja wa bonde hadi mwingine, na Dinah alibebwa juu juu na kigoda chake mpaka akawatishia kwa fimbo. Priscilla alimkamata mumewe viganja vyote viwili mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema anaona bado vinakwaruza. Wiki haikuisha kabla Ambrose hajapanda kutoka mkonge, panga begani, akiuliza kwa kona ya mdomo kama chama kinahitaji mpakiaji. Mwandawiro akafungua daftari akaandika jina lake, kwa mwandiko mkubwa kuliko ilivyokuwa lazima.

Shehena ya pili ilipoteremshwa Voi, juu ya matenga palikuwa na kitu kilichofungwa kwa kamba. Ambrose akakishusha kwa uangalifu. Kilikuwa kile kiti chenye mgongo, cha karani. Kamati ilikuwa imepitisha kwamba karani anaweza kukaa benchi. Kalondu aliangalia kiti, akasogeza sanduku lake pembeni kwa mguu, akaketi, akanyoosha mgongo.

Halafu Mwandawiro akatoa bahasha. Mzee Fanuel alikuwa amekesha siku mbili juu ya hiyo karatasi, akichana na kuandika upya, kwa sababu maisha yake yote alibeba barua za sifa za watu wengine na hii ilikuwa ya kwanza kuiandika mwenyewe. Treni ya Nairobi ilikuwa imesimama, abiria wameanza kujitokeza madirishani. Mwandawiro akasoma kwamba Bi. Kalondu, Mshauri, alitumikia Chama cha Wakulima wa Mboga kwa ujuzi mkubwa, kwamba alikiokoa kilipokuwa kinakufa, na kwamba yeyote atakayemwajiri ampe kiti kwanza.

Alipomaliza, Kalondu aliweka mikono juu ya mapaja.

"Isome tena, karani," akasema. "Kwa sauti. Wale wa behewa la nyuma hawakusikia."

Mwandawiro akasafisha koo, akasoma tena.